Mdogo wangu, maneno haya ya Kijapani yajue kabla ya mengine

Umefika Japani juzi, bado uko kwenye sura za kujitambulisha na kuagiza chakula. Sawa, lakini tetemeko halingoji umalize kitabu.

Anza na jishin, tetemeko la ardhi. Utalisikia kutoka mfukoni mwako: simu inalia kwa mlio mkali usiofanana na mwingine wowote, kisha sauti inasema "jishin desu". Hapo una sekunde chache, pengine hata hizo huna. Ingia chini ya meza, shika mguu wake, kinga kichwa. Mara ya kwanza mimi niliamshwa hivyo usiku wa manane, nikazimaliza sekunde zote nimekodolea skrini, natafuta kanji, herufi moja ya Kijapani, ninayoijua. Usisome. Sikio likishajua, mwili utafuata.

Kisha kukimbia, hasa tsunami ikihofiwa baada ya tetemeko, na hapa ndipo vitabu vinapotuangusha. Tunafundishwa kwa adabu: nigete kudasai, tafadhali kimbia. Anayetaka kukuokoa hana nafasi ya tafadhali. Atasema "Nigete!" au "Nigero!", amri tupu ambayo darasani huja baadaye sana. Machi 11, 2011, mji wa Oarai mkoani Ibaraki ulitangaza kwa vipaza sauti "hinan seyo", ondokeni, kauli ambayo hata wenyeji hawajazoea kuisikia kutoka ofisi ya mji. Januari 1, 2024, baada ya tetemeko la Noto, mtangazaji wa NHK, shirika la utangazaji la umma la Japani, alipaza sauti: "Ima sugu nigeru koto!" Kimbieni sasa hivi. Kwa hiyo jirani yako mpole akikufokea ghafla, usikasirike wala usiulize maana. Mfuate. Akitaja takadai, anasema mahali palipoinuka.

Hinan basho na hinanjo yanafanana, nami niliyachanganya muda mrefu. Hinan basho ni pa kuokolea roho kwanza: kilima, uwanja, jengo refu. Hinanjo ni pa kukaa nyumba ikiwa haikaliki. Tazama pia alama za aina ya janga kwenye bango la mahali hapo, kwa sababu shule iliyo kando ya mto inaweza kufaa kwa tetemeko na isifae kwa mafuriko.

Ukipiga 119 utaulizwa: "Kaji desu ka, kyūkyū desu ka?" Sikio letu la Kiswahili litataka kusikia "kazi". Kaji ni moto, kyūkyū ni gari la wagonjwa. Jibu neno moja tu, halafu taja mahali ulipo. Polisi ni 110.

Baada ya hapo yatakuja yoshin, mitetemeko inayofuatia, na teiden, umeme kukatika. Dansui ni maji kukatika, kyūsui ni maji ya kugawiwa, kwa hiyo ukisikia hilo la pili beba ndoo. Ukilemewa na maneno, sema bila aibu: "Yasashii nihongo de onegaishimasu." Ni kuomba Kijapani chepesi, na juhudi za kukitumia wakati wa majanga zilianza baada ya tetemeko la Kobe la 1995, wageni walipokosa kuelewa matangazo.

Mitaa mingi hupiga wimbo mfupi kwenye vipaza sauti jioni, mara nyingi saa kumi na moja. Ndivyo wanavyohakikisha mitambo inafanya kazi. Ukiusikia leo, funga madirisha ya chumba chako usikilize. Kama haukufikii, nenda ofisi ya mji uulize tangazo la hatari utalipata kwa njia gani nyingine.