Mock imepita, Mei inakuja, na hamu ya kusoma imekata

Kuna kipindi kati ya matokeo ya mock (mtihani wa majaribio) na mtihani wa taifa wa kidato cha sita ambacho hakuna anayekuandaa kukikabili. Mock inafanyika, inasahihishwa, matokeo yanabandikwa ubaoni, halafu walimu waliokuwa wanakukimbiza na silabasi tangu kidato cha tano wanasema, "Haya, sasa kazi ni yenu, pitieni." Upitie nini? Madaftari ya miaka miwili yamerundikana kwenye tranka. Unafungua la Fizikia, unasoma ukurasa mmoja, unalifunga. La Kemia, hivyo hivyo. Unakwenda kuchota maji bombani, unarudi, prepo (muda wa kujisomea) imekwisha na hujui muda umekwenda wapi.

Nilisoma PCB (mchepuo wa Fizikia, Kemia na Baiolojia) shule ya bweni, na kwa sasa nafundisha Baiolojia madarasa hayohayo ya advansi, yaani kidato cha tano na sita. Kila mwaka ikifika Machi nawaona watoto wa watu wakiingia kwenye hali niliyoingia mimi, na kila mwaka wanabandikwa jina lilelile: wavivu. Mimi sikubali. Mvivu hakeshi kwa wasiwasi. Huyu ninayemzungumzia anasusa hadi maharage ya mchana kwa mawazo, ila akikaa mezani mkono hauandiki. Kumwambia "jitume" ni kumwongezea mzigo juu ya mzigo. Kwa nilivyoona mimi, na kwa ninavyoona kwa wanafunzi wangu, mara nyingi anakuwa na shida mbili tu: hajalala, na hajui aanzie wapi.

Nianze na usingizi, maana ndio unaodharauliwa zaidi. Bwenini kwetu mtu aliyelala mapema alionekana hana malengo. Tulikuwa tunakesha na miguu ndani ya beseni la maji ya baridi ili tusisinzie, shuka begani, daftari mapajani. Matroni akipita usiku alikuwa anasimama mlangoni na tochi yake na kusema, "Wanangu, mtapata baridi yabisi kabla ya cheti." Tulicheka, akiondoka tunaendelea. Sasa piga hesabu. Kengele ya kuamka ilikuwa saa 11 alfajiri. Ukikesha hadi saa 8 usiku umebakiwa na saa 3 za kulala. Kijana wa miaka 17 au 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Shule ya bweni haikupi saa 10 hata ukiomba kwa magoti, lakini kati ya 3 na 7 kuna tofauti kubwa sana, na hiyo tofauti iko mikononi mwako.

Hili nalisema kama mwalimu wa Baiolojia, si kama mlezi: ubongo hutumia usingizi kupanga na kuhifadhi ulichojifunza mchana. Ukiunyima usingizi, yale uliyokesha nayo hayakai. Halafu kuna jambo la pili ambalo wanafunzi hawalijui. Mtu asiyelala anapoteza hamu ya kila kitu, anakuwa mwepesi wa hasira na mwepesi wa kulia, na mambo madogo yanaonekana makubwa. Anadhani amekata tamaa ya maisha, kumbe amekosa usingizi tangu Februari.

Aliyenitoa huko alikuwa mwalimu wangu wa Kemia. Aliniita ofisini nikidhani nakwenda kusemwa kwa matokeo ya mock, akaniuliza nalala saa ngapi. Nilipomjibu hakusema kitu kuhusu Kemia kabisa. Aliniagiza, kwa wiki moja, taa zikizimwa saa 4 niwe kitandani, na kama ninataka kusoma zaidi niamke saa 10 na nusu alfajiri. Siku za mwanzo zilikuwa ngumu. Nililala macho wazi nikisikia wenzangu wakifunua kurasa, na moyo unaniambia wananiacha. Lakini wiki haijaisha nilikuwa nikisoma alfajiri naelewa, jambo ambalo lilikuwa limepotea kabisa. Siwezi kukuahidi itakuwa hivyohivyo kwako. Ila ni dawa isiyo na gharama, na ukiijaribu wiki moja hakuna mada itakayokukimbia.

Tuje kwenye kutojua uanzie wapi.

Mtu akikuambia "naogopa jenetiki", muulize anaogopa nini hasa. Hatakuwa na jibu. Nilikuwa hivyohivyo: jenetiki kwangu ilikuwa mlima mmoja mweusi, naukwepa kila siku kwa kusoma ekolojia ambayo nilikuwa naijua tayari. Jioni moja nilichukua pepa ya zamani, nikachagua swali moja tu la jenetiki, nikafunga daftari, nikaanza kulijibu. Sehemu ya kwanza, uwiano wa 9:3:3:1, ikatoka vizuri. Ya pili, ya makundi ya damu, ikatoka. Nikakwama ya tatu, iliyohusu jeni zilizo pamoja kwenye kromosomu moja. Kumbe nilichokuwa sikijui kilikuwa hicho tu, kurasa nne za daftari. Kwa miezi nilikuwa naogopa mada nzima kwa sababu ya kurasa nne.

Ndiyo maana ushauri wangu kwa mtu aliyekatika hamu hauanzi na "panga ratiba". Ratiba za ukutani zenye rangi za maka pen ninazijua, ninaziona kila nikiingia bwenini kukagua. Sijawahi kuona iliyofuatwa kupita Jumatano. Mtu anatumia jioni nzima kuipamba, anajisikia kama amesoma, na siku akikosa kipindi kimoja anaiacha yote kwa hasira. Badala yake, chukua pepa ya zamani, chagua swali moja, funga daftari, andika jibu kwa mkono mpaka pale unapokwama. Hapo ulipokwama ndipo pa kusoma. Usisubiri hamu ije kwanza. Kwa watu wengi hamu huja wakiwa wameshaandika mistari mitatu minne, na hata isipokuja, umeshajua kitu kimoja usichokijua, ambacho jana ulikuwa hukijui hata jina.

Nilikuwa na kidaftari cha kurasa 32, cha bei ya chini kabisa, ambacho niliandika sehemu nilizokwama tu. Sikuandika majibu humo. "Jeni kwenye kromosomu moja." "Bafa: kwa nini pH haibadiliki sana." "Mwelekeo wa mkondo kwenye koili." Nikishaelewa nakata kwa kalamu. Kila siku 3 au 4 nilikuwa narudi kwenye zile nilizokata na kujiuliza tena bila kuangalia. Hilo la kurudi si la kupuuza. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, na mwaka 1885 akachapisha alichokiona: kumbukumbu hupotea haraka sana mwanzoni, halafu kasi hupungua, na kila ukirudia, kujifunza tena huchukua muda mfupi zaidi. Kusoma ukurasa uleule mara 5 kwa usiku mmoja kunakupa raha ya kuuzoea. Kwenye chumba cha mtihani ukurasa haupo.

Sasa matokeo ya mock. Sikiliza siri ya ofisini: walimu wengi tunasahihisha mock kwa mkono mzito, makusudi, ili mtu asilale. Wengine wanaamka kweli. Wengine ndio wanazimika hapo, na hao ndio ninaowaandikia. Ukiangalia mock yako usiangalie divisheni (daraja la jumla), angalia maswali. Omba karatasi zako za majibu, ujue alama zilipotea wapi. Kuna mtu amepata 34 kwa sababu hajui, na kuna mtu amepata 34 kwa sababu alitumia nusu ya muda kwenye swali la kwanza. Hawa wawili hawana dawa moja.

Na tufanye hesabu ambayo hofu haipendi. Kwenye mfumo wa NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) wa kidato cha sita, C inaanzia 60. C tatu kwenye kombi yako (masomo matatu ya mchepuo) ni pointi 9, na pointi 9 ni Divisheni Wani. Mlango wa shahada unaanza kuzungumzika ukiwa na prinsipo pasi mbili, na E, ambayo ni prinsipo pasi ya chini kabisa, inaanzia 40, ingawa E mbili peke yake hazitoshi. Udaktari na kozi nyingine zina ushindani wake, hapo sikudanganyi. Lakini wanafunzi wengi wanaokuja kulia kwangu wanaongea kana kwamba kuna A tatu au kaburi. Katikati hapo pana nafasi kubwa, pana stashahada, pana kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kuyajua haya hakumfanyi mtu azembee. Kwa niliowaona mimi, kunawarudishia pumzi.

Nyumbani nako kuna shinikizo lake. Shule nyingi za bweni simu haziruhusiwi, kwa hiyo unaongea na wazazi kupitia simu ya matroni, dakika chache, na foleni nyuma yako inasikiliza. Baba anakuuliza masomo vipi, unajibu "naendelea vizuri", anamalizia na lile neno: "Sisi huku tunakutegemea wewe." Amesema kwa upendo. Ada ameipata kwa shida na wewe unajua. Lakini unarudi bwenini umebeba wadogo zako wote mgongoni.

Sikuweza kumwambia baba aache kunitegemea, na wala sidhani ni adabu. Nililoweza ni kumwambia mama, "Mama, leo usiniulize masomo, nisimulie ya nyumbani." Alinyamaza kidogo, akadhani naumwa. Kisha akaanza: ng'ombe amezaa dume, jirani wamegombana na binamu yao kwa ajili ya mpaka wa shamba, mdogo wangu amekatwa nywele na kinyozi mpya sasa anavaa kofia hadi ndani. Nilicheka mpaka wa nyuma yangu wakaniuliza kuna nini. Tangu siku hiyo simu na mama ikawa mapumziko. Ukiwa na mtu mmoja wa namna hiyo, shangazi, kaka, babu, yeyote, mweleze wazi unachohitaji. Wazazi wetu wengi wangetusaidia, ila hawajui tunataka kusaidiwaje, wakaona kuuliza masomo ndiyo njia ya kuonyesha wanajali.

Kuhusu diskasheni nitasema machache. Watu 3 wanatosha, 8 ni mkutano. Kaa na mtu mnayekaribiana uwezo. Ukikaa na kipanga wa darasa aliyemaliza silabasi tangu Desemba utatoka umevunjika moyo kila siku, hata kama yeye hana nia mbaya. Na pasi ndefu uache. Kuruka chakula cha mchana ili uwahi kusoma ni kujipunja mara mbili, maana ifikapo saa 10 unasinzia juu ya kitabu kwa njaa.

Ninyi wa kutwa mna habari nyingine: daladala, kazi za nyumbani, simu mkononi. Kama kuna chumba cha darasa mnachoruhusiwa kubaki baada ya vipindi, baki hapo saa moja na nusu kabla hujaondoka. Ukishafika nyumbani ukakuta wageni na vyombo, hiyo saa huipati tena.

Kuna hali ambayo haya yote hayaitibu. Kama wiki mbili zimepita na kila siku ni nzito, usingizi hauji hata ukipewa nafasi, unalia bila kujua sababu, au umeanza kufikiria kwamba ni afadhali usiwepo, hapo haizungumzwi Fizikia tena. Nenda kwa mtu mzima leo: matroni, patroni, mwalimu wa ushauri nasaha, mchungaji, ustadhi, yule unayemwamini. Ukiona aibu kuanza, sema tu, "Mwalimu, siko sawa." Atakayekujibu "ni mtihani tu, utapita" mshukuru uende kwa mwingine. Hospitali zipo, na ukiwa na simu, namba 116 ya Simu kwa Mtoto haina malipo. Na kama ni rafiki yako ndiye aliyekunong'oneza maneno hayo ya kutokuwepo, hiyo siyo siri ya kutunza. Atakununia. Acha anune.

Mwisho, wiki zenyewe za mtihani. Pepa zinatawanyika kwa siku nyingi, na kinachowaumiza wengi ni dakika 10 za baada ya pepa kuliko pepa yenyewe. Watu wanasimama nje ya chumba, mmoja anauliza, "Swali la nne umepata ngapi?" na hapo watatu wanagundua majibu hayafanani. Hakuna anayejua nani yuko sahihi, ila wote wanakwenda kwenye pepa ya mchana wakiwa nusu. Ukitoka, pita moja kwa moja. Wakikuita, waambie unawahi chooni. Oga, kula, pitia mistari uliyobakisha kwenye kidaftari chako kwa somo linalofuata, na saa 4 uwe umelala.