Lori moja la mahindi, vyeti viwili

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nanunua mahindi Kibaigwa na kuyauza Kenya kupitia Namanga. Safari iliyopita nilipakia tani 30, magunia 300 ya kilo mia mia. Kabla ya kuondoka nilichota nusu kilo hivi kutoka gunia lililokuwa wazi, nikaitia kwenye mfuko wa nailoni na kuipeleka maabara. Cheti kikatoka: sumukuvu (aflatoksini, sumu inayotengenezwa na kuvu) mikrogramu 4 kwa kilo. Mzigo ulipofika, mteja wangu akaita wapimaji wake. Wakachoma magunia kwa bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchotea nafaka, wakajaza kiroba, na cheti chao kikasema 23. Mzigo umekataliwa na lori linalala kwa gharama yangu. Naomba unieleze bila kunificha: kati ya maabara hizi mbili, ipi imekosea? Na nisimame na cheti kipi?

JIBU: Ndugu yangu, pole sana. Nimefanya kazi kwenye dirisha la kupokelea sampuli kwa miaka mingi, na swali lako naliulizwa karibu kila msimu wa mavuno. Inawezekana kabisa kwamba hakuna maabara iliyokosea. Ya kwanza ilipima nusu kilo yako na kukuambia ukweli wa nusu kilo hiyo. Ya pili ilipima kitu kinachokaribia kufanana na lori.

Sumukuvu haikai kwenye mahindi kama chumvi ndani ya mchuzi, ambako ukionja kijiko kimoja umeonja sufuria nzima. Kuvu huota kwenye punje hii na kuiacha ya jirani. Gunzi lililotobolewa na mdudu, au lililolala kwenye udongo wenye unyevu, linaweza kuwa na punje chache zilizojaa sumu huku mamia ya punje nyingine zikiwa safi. Na punje mbovu huwa mbovu kupita kiasi: zimewahi kupimwa punje moja moja za mahindi zenye sumu zaidi ya mikrogramu 100,000 kwa kilo.

Tupige hesabu pamoja, tena hesabu ya kurahisisha. Chukua punje ina uzito wa gramu 0.3, na iliyo mbovu ina kiwango hicho cha 100,000. Ndani yake kuna mikrogramu 30 za sumu. Sasa tuseme lori lako lina punje moja ya namna hiyo katika kila kilo moja na nusu, yaani moja katika punje 5,000. Wastani wa lori zima ni mikrogramu 20 kwa kilo, mara mbili ya kikomo kinachoruhusiwa, ambacho ni 10. Ukichota nusu kilo, umechota punje kama 1,650. Uwezekano wa kutoipata hata punje moja mbovu ni karibu mara 7 katika 10. Cheti kitatoka kizuri, na mahindi ni yale yale. Bahati ikigeuka ukaichota moja, nusu kilo hiyo hiyo itasoma 60. Kwenye kiroba cha kilo 10, kwa kawaida utapata punje mbovu sita au saba, na jibu litasogea karibu na 20 halisi. Kwa hiyo 4 na 23 kutoka lori moja hainishangazi hata kidogo.

Kikomo cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa aflatoksini zote kwa pamoja, na 5 kwa aina ya B1 peke yake. Mikrogramu kwa kilo ndiyo ile ppb (sehemu katika bilioni) unayoiona kwenye cheti. Tangu Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa siku chache kisha ikafungua kwa masharti, cheti cha kuonyesha mzigo hauzidi 10 kimekuwa kama pasipoti ya mahindi. Naelewa kwa nini mfanyabiashara anakitafuta haraka haraka. Lakini mwaka 2004 kule Kenya, Makueni, Kitui na wilaya za jirani, watu 317 waliugua kwa mahindi yenye sumu hii na 125 wakafa. Mwaka 2016 msiba kama huo ulitukuta sisi Tanzania, Dodoma na Manyara. Na kuchemsha ugali hakuondoi sumu hii.

Sasa nikupeleke ndani ya maabara, maana hata kiroba kizuri kinaweza kuharibikia mikononi mwetu.

Sampuli ikifika dirishani, kabla ya kuandika chochote naiangalia. Lakiri iko sawa au imefunguliwa? Lebo ina tarehe, idadi ya magunia na jina la aliyechukua? Naipima uzito. Nanusa. Kisha naingiza mkono hadi chini ya mfuko. Mfuko wa nailoni uliosafiri juani huwa na jasho kwa ndani, na punje za chini zinashikamana vidoleni. Hapo tayari kuna tatizo, kwa sababu kuvu haikusimama kukua mlipokuwa njiani. Mahindi yaliyotoka ghalani yakiwa salama yanaweza kunifikia yakiwa yanatengeneza sumu mpya. Ndiyo maana tunaomba mfuko wa kaki au wa kitambaa, na sampuli ifike siku ile ile au kesho yake. Unyevu napima papo hapo. Ukizidi asilimia 13.5, ambayo ndiyo mwisho unaoruhusiwa kwa mahindi, naandika kwenye daftari la mapokezi na sampuli inakaushwa kwanza, kwa sababu mahindi mabichi hayasagiki vizuri na hayafai kuwekwa. Baada ya hapo inapewa namba, na kuanzia hapo hata anayepima hajui ni ya nani. Napenda utaratibu huo. Unamlinda mwenye mali na unamlinda mpimaji.

Kuna jambo wateja hulifanya kwa nia njema: wanapeta sampuli, wanaondoa punje zilizovunjika na zilizobadilika rangi, kisha wanatuletea mahindi yanayong'aa. Punje walizozitupa ndizo nilizokuwa nazitafuta. Kama hukuchagua magunia 300, usichague sampuli.

Kisha inakuja kazi ambayo wengi hawajui kama ipo: kusaga. Naisaga sampuli yote. Ukileta kilo 10, zote kumi zinapita kwenye mashine mpaka unga upenye chekeche la milimita 1. Fundi anayechota kiganja kimoja juu ya kiroba na kusaga hicho tu ameirudisha ile bahati nasibu ya nusu kilo. Punje moja mbovu ikibaki nzima ama imo kwenye kiganja ama haimo. Ikisagwa pamoja na nyingine zote inakuwa chembe zisizohesabika, na baada ya kuchanganywa vizuri kila kijiko cha unga kinabeba sehemu yake. Ni hapo tu ndipo gramu 50 zinazokwenda kwenye kipimo zinapata haki ya kuusemea mzigo.

Hata unga una ujanja wake. Ukiutikisa, vumbi laini linazama na chenga zinabaki juu, kwa hiyo anayechota juu juu anachota chenga. Mimi naumwaga kwenye meza safi ya chuma, naukusanya kama kichuguu, naubonyeza uwe bapa kama chapati, nauchora msalaba. Nachukua robo mbili zinazotazamana, nachanganya upya, narudia hadi kufikia kiasi ninachotaka. Wenye sanduku la kugawia lenye mifereji wanamaliza haraka zaidi, ila nia ni ile ile.

Mashine ya kusagia ndiyo inayonikosesha usingizi. Zamani, kwenye maabara niliyoanzia kazi, tulisaga sampuli chafu sana, kisha kijana akaingiza ya mteja mwingine bila kuisafisha mashine. Mahindi ya yule mama yalisoma 14. Tuliposaga upya sehemu iliyobaki, yakasoma 2. Tungekuwa tumemkatalia mzigo mtu asiye na kosa. Tangu siku hiyo mashine yangu inapigwa brashi na kufyonzwa vumbi kila baada ya sampuli, kisha tunapitisha mahindi safi kidogo na kuyatupa. Na wasagaji wote wanavaa barakoa ya kuzuia vumbi na glovu, kwa sababu sumu hii husababisha saratani ya ini na vumbi lake si la kuvuta.

Ukijumlisha makosa yote yanayoweza kuingia kwenye kipimo kama hiki, sehemu kubwa kabisa hutoka pale gunia linapochomwa, inayofuata kwenye kusaga na kugawa, na mashine ya kupimia, ile ya bei kubwa mnayopenda kuiulizia, huchangia kidogo kuliko zote.

Turudi kwenye lori lako. Usisimame na cheti cha 4. Kinaeleza nusu kilo ya gunia moja, na hicho cha 23 kimetoka kwenye magunia mengi. Usitafute wastani wa vyeti viwili, na nakusihi usiyachanganye mahindi hayo na mengine safi ili yapungue makali. Mwandikie mteja umuulize mambo matatu: walichoma magunia mangapi, sampuli ilikuwa kilo ngapi ilipofika maabara, na kama walisaga yote. Wakikujibu michomo mitano na kilo moja, una haki ya kudai sampuli ichukuliwe upya mbele yenu wote wawili.

Safari ijayo chukua sampuli wakati wa kupakia, gunia likiwa bado linapita mbele yako. Yakishapangwa kwenye lori, bambo linafika kwenye magunia ya pembeni na ya juu tu, na ya katikati hayaguswi. Kanuni za Umoja wa Ulaya kwa nafaka za tani 20 hadi 50 zinataka michomo 100 ya gramu 100, jumla kilo 10. Kwa magunia yako 300 ni kuchoma kila gunia la tatu. Choma mara juu, mara katikati, mara chini, na kila mchomo uingie kwenye kiroba kama ulivyotoka, na vumbi lake na punje zake mbovu. Utachoka mkono, lakini ni kazi ya muda ambao lori linapakiwa hata hivyo.

Na ukifika dirishani kwetu, omba unga ugawanywe sehemu tatu baada ya kusagwa: moja ipimwe, moja uondoke nayo, moja ibaki maabara imefungwa kwa lakiri yenye sahihi yako. Mteja akileta namba nyingine, hiyo ya tatu ndiyo mtakayokubaliana ifunguliwe.