Aliyemvalisha uzi fahali wa Wall Street ni Olek, sio Magda Sayeg

Kuna wanaosema Magda Sayeg ndiye aliyemvalisha uzi fahali wa Wall Street, ile sanamu ya shaba kule New York. Hapana, huyo ni Olek, msanii mzaliwa wa Poland aliyekuwa anaishi New York, alimfunika yule fahali wa shaba mwili mzima kwa uzi wa pinki na zambarau Desemba 2010, na ndani ya masaa machache tu vazi hilo likakatwa likatolewa, inauma kwa kweli. Sayeg ndio alianzisha wimbi lenyewe la kuvalisha vitu vya mtaani nguo za kufuma, Houston kule Texas mwaka 2005, alianza na kitu kidogo sana, kishikio cha mlango wa duka lake akakivalisha kifuko cha kufuma, watu wakawa wanasimama kukiangalia, akahamia kwenye nguzo za alama za barabarani.

Na ile ya fahali ni kroshia, sio kufuma kwa sindano mbili kama sweta. Mimi nafuma vitambaa vya makochi, ukiivuta karibu picha ya fahali huyo utaona vijicho vimefungwa kimoja kimoja, ndio kazi ya sindano moja ya ndoano, na hiyo unaweza kuifumia palepale kwenye pembe au mguu ukageuza upande wowote unaotaka, sindano mbili zingekusumbua sana hapo.

Ila msimlaumu Olek kwa kutokuomba kibali, fahali mwenyewe Arturo Di Modica alimleta usiku Desemba 1989 akamwacha mbele ya soko la hisa bila ruhusa ya mtu, na leo watu wanapanga foleni kupiga naye picha.