Mt. Fransisko wa Bellini: maswali yenu na majibu

Mmeuliza mengi kuhusu ile picha ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi aliyoichora Giovanni Bellini wa Venice, kati ya mwaka 1475 na 1480 hivi. Nimechukua machache.

Kama anapokea madonda matakatifu, yaani alama za majeraha ya Yesu msalabani, mbona yule malaika hayupo?

Swali zuri sana hili. Wachoraji wa kabla yake, Giotto kwa mfano, waliweka serafi, yaani malaika mwenye mabawa sita, angani na miale inashuka kutoka kwake mpaka kwenye mikono na miguu ya Fransisko, yaani hata mtoto anaelewa kinachoendelea. Bellini kaondoa vyote hivyo. Kabakiza mwanga tu, unaingia kutoka juu kushoto, na hapo kwenye kona kuna mti wa mlaureli umeinama kabisa kama umesukumwa na kitu, halafu Fransisko kasimama kifua mbele, mikono kaifungua, kinywa wazi kidogo, na viganja ukivitazama kwa karibu alama za madonda zipo. Wataalamu wanabishana, wengine wanasema ni La Verna, ule mlima wa Italia, mwaka 1224 alipopata madonda, wengine wanasema anaimba ule wimbo wake wa kumsifu Mungu kwa ajili ya jua na viumbe vyote. Mimi naona ni La Verna, na mwanga wenyewe ndo umeshika nafasi ya serafi, ndo maana naipenda picha hii kuliko zote za Fransisko.

Mbona yuko peku?

Ndara zake ziko pale nyuma, chini ya meza yake ya kusomea, ile yenye fuvu la kichwa juu yake. Kaziacha katoka. Wengi wanamkumbuka Musa pale kwenye kijiti kinachowaka moto, alipoambiwa avue viatu, na mimi nakubaliana nao.

Wanyama nimemuona punda tu, kuna wengine?

Wapo, angalia taratibu! Karibu na punda kuna ndege mwenye miguu mirefu, jamii ya korongo, mbali zaidi mchungaji na kondoo wake, na huku mbele, karibu kabisa na mkono wa kulia wa Fransisko, sungura kachungulia kwenye ukuta wa mawe. Kila jiwe na kila jani kalichora kwa subira ileile aliyomchorea mtakatifu, na kwa mtu aliyewaita viumbe ndugu na dada hiyo ni heshima kubwa jamani.

Ilikuwa ya altareni?

Hatuna ushahidi huo. Mwaka 1525 Marcantonio Michiel, mpenzi wa sanaa aliyeandika kuhusu picha alizoziona, aliiona nyumbani kwa tajiri mmoja, Taddeo Contarini, hukohuko Venice, na akaisifia sana mandhari yake. Kwa hiyo ni picha ya mtu kusimama mbele yake akasali na kutafakari, tena si kubwa kihivyo, kama sentimita 125 kwa 142.

Sasa hivi iko wapi?

New York, kwenye jumba la makumbusho la Frick Collection, Henry Clay Frick aliinunua 1915. Ukikosa nauli tafuta mtandaoni ile picha kubwa inayovutika, siyo hizi ndogo zilizofifia, kisha shuka mpaka chini kushoto utakuta kikaratasi chenye mikunjo, humo ndo Bellini kaandika jina lake.