Kabla hujapanda bodaboda, iulize swichi

Malalamiko yalikuwa yale yale: kila asubuhi, kwenye saa nne na nusu, tawi letu la Kariakoo linapoteza mtandao dakika mbili tatu, kisha unarudi wenyewe. Waliotuuzia intaneti wakasema laini ni nzima. Nilipanda bodaboda mara mbili, nikakuta taa zote za kijani, nikarudi na vumbi.

Siku ya tatu nilibaki kwenye kiti changu, nikaiuliza swichi ya tawi, kile kifaa kinachounganisha kompyuta za ofisi, imewaka kwa muda gani. Nilitumia SNMP, njia ya kuuliza vifaa vya mtandao hali zao ukiwa mbali:

snmpget -v2c -c nenoletu 192.168.10.2 1.3.6.1.2.1.1.3.0

Likaja jibu:

iso.3.6.1.2.1.1.3.0 = Timeticks: (76000) 0:12:40.00

Kila sekunde hapo huhesabiwa mia, kwa hiyo 76000 ni dakika 12 na sekunde 40. Swichi ilikuwa ndiyo kwanza imewaka! Nikampigia dada wa mapokezi.

"Samahani dada, kwenye ile ekstensheni ya swichi kumechomekwa nini kingine?"

"Birika la chai, kaka. Likikaribia kuchemka ekstensheni inajizima, nabonyeza kile kitufe chekundu inarudi."

Basi. Nauli ya safari mbili ingenunua birika jipya.

Kwenye Ubuntu amri hizi unazipata kwa sudo apt install snmp, ila kifaa chenyewe nacho lazima kiwe kimewashiwa SNMP. Ule mlolongo wa namba ni anwani ya swali, wala usihangaike kuukariri. Anza na snmpwalk, amri inayosoma majibu yote yaliyo chini ya anwani moja, kwenye 1.3.6.1.2.1.1, itakutajia aina ya kifaa, jina lake, na mahali kilipo kama aliyekifunga alijisumbua kuandika. Usiiachie snmpwalk izunguke mti mzima wa anwani kwenye swichi kuukuu, utaitesa bure.

Kilichonipotezea muda zaidi ni ujumbe wa "Timeout: No Response". Nilidhani kifaa kimekufa. Kumbe ukikosea neno la komyuniti, yaani lile la siri linalofuata -c, kifaa hakikwambii umekosea. Kinanyamaza tu. Hakikisha neno kwanza, kisha kama kifaa kinairuhusu kompyuta yako, kisha ukuta wa moto (firewall) kwenye mlango wa UDP 161, ambao SNMP hupitia. Na kama neno lenu bado ni public, lile ambalo vifaa vingi huja nalo, libadilisheni leo. Hata hilo jipya husafiri wazi kwenye v2c, toleo la SNMP nililotumia hapo juu, kwa hiyo kifaa kinachokubali toleo la v3 kipe v3.

Ukitaka kupima matumizi ya laini, achana na ifInOctets, hesabu ya baiti zinazoingia. Kihesabio chake ni cha biti 32, na kwenye laini ya gigabiti 1 iliyojaa hurudi sifuri kila baada ya sekunde 34 hivi. Niliwahi kumpelekea bosi grafu ya hovyo kwa sababu hiyo, na akaiamini. Tumia ifHCInOctets, 1.3.6.1.2.1.31.1.1.1.6, lakini si kwa v1, maana v1 haina namba za biti 64.

Birika sasa lina soketi yake ukutani. Leo asubuhi swichi imesoma siku 211. Ikifika siku 497 hesabu itajaa na kuanza upya, kwa hiyo siku hiyo nikiona sifuri sitamsumbua dada wa watu.