Kwa anayeanza kazi ya uhasibu kwenye mradi wa IDA

Siku mkataba unaposainiwa, magazeti huandika kuwa nchi imepata dola milioni 100. Siku hiyohiyo akaunti ya mradi haina hata senti. Anza kazi ukilijua hilo, maana miradi mingi hukwama ikiwa na fedha tele kwenye makaratasi.

IDA ni tawi la Benki ya Dunia linalohudumia nchi maskini zaidi tangu 1960. Kwa masharti yake ya kawaida mkopo hulipwa kwa miaka 38, miaka 6 ya mwanzo bila kurejesha mtaji, kwa ada ya asilimia 0.75. Nchi iliyo hatarini kuelemewa na madeni hupewa ruzuku. Urejeshaji waachie Hazina. Wewe shika masharti ya matumizi.

Omba nakala ya mkataba wa fedha na ya barua ya utoaji fedha, uzisome mwenyewe, usisimuliwe. Mkataba una jedwali la aina za gharama zinazolipiwa. Gharama isiyomo hailipwi, hata iwe na manufaa kiasi gani. Pia una masharti ya kutimizwa kabla fedha hazijaanza kutoka, mara nyingi mwongozo wa utekelezaji uliokubaliwa. Barua inaeleza kiwango cha juu cha fedha za kuanzia kwenye akaunti maalumu, na namna ya kuthibitisha matumizi ili ijazwe tena.

Akaunti hiyo isuluhishe kila mwezi, yaani hakikisha fedha zote ulizopokea zina maelezo. Tuseme ulipokea dola 2,000,000. Kwenye akaunti zimebaki 640,000, maombi yaliyotumwa lakini hayajalipwa ni 900,000, matumizi ambayo hujayaombea ni 460,000. Jumla lazima irudi kwenye 2,000,000. Isiporudi, kwanza tazama masurufu: mtu aliyechukua fedha za semina na hajaleta marejesho hajatumia chochote kwa hesabu za mradi. Ukiyaandika kama matumizi, umedanganya ripoti bila kukusudia.

Marejesho ya semina ndiyo yanayoangusha wengi, kwa hiyo yakague kwa ukali. Jalada liwe na barua ya mwaliko, ratiba, orodha ya mahudhurio iliyosainiwa kila siku, fomu ya posho, risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi) ya ukumbi na ripoti ya semina. Mkaguzi huweka mahudhurio na fomu ya posho kando kwa kando. Jina likiwa na saini 3 za mahudhurio na posho za siku 5, zile siku 2 huwa gharama isiyokubalika, na Serikali huirudisha kutoka mfuko wake. Kumbuka fedha hiyo ingeweza kununua dawa au madawati. Kwa nchi inayofunga mwaka wa fedha Juni 30, ripoti ya ukaguzi kwa kawaida hutakiwa ndani ya miezi 6, yaani kufikia Desemba 31. Usisubiri Novemba kutafuta risiti.

Kwenye ununuzi, kila mkataba uwe umeingizwa kwenye mpango ulioidhinishwa ndani ya STEP, mfumo wa Benki ya Dunia wa mtandaoni wa kufuatilia ununuzi. Zabuni zinazopitiwa kabla na Benki zisisainiwe hadi barua ya kutokuwa na pingamizi ifike, hata mkandarasi akikubana vipi. Kugawa zabuni moja vipande ili ikwepe mapitio huonekana kirahisi: tarehe zinakaribiana na bidhaa ni ileile.

Tarehe ya kufunga mradi ndiyo isiyohurumia. Baada yake kwa kawaida kuna miezi 4 ya kutuma maombi ya malipo, lakini ni kwa kazi iliyokamilika na bidhaa zilizopokelewa kabla ya tarehe hiyo. Mabomba yakifika wiki moja baadaye, mradi hauyalipi. Kwa hiyo mwaka mmoja kabla, pitia mikataba yote pamoja na wahandisi, uulize kila mmoja utakwisha lini kwa kweli. Kadiri tarehe inavyokaribia, hati za matumizi unazotuma huacha kuleta fedha mpya na huanza kupunguza zile dola 2,000,000 za mwanzo. Salio lisilo na hati linarudishwa.