Anayelala Marikiti alikuwa na kwao

Mliuliza wiki hii: "Wasio na makazi mtaani kwenu ni akina nani, na walifikaje hapo?" Nawajibu kutoka Kisauni, Mombasa.

Wengi watataja vijana wanaolala kwenye mabaraza ya maduka. Hao wapo. Serikali ilipowahesabu wanaoishi mitaani mwaka 2018, ilipata watu 46,639 Kenya nzima, na Mombasa ilikuwa ya pili baada ya Nairobi, ikiwa na watu 7,529. Lakini hesabu za namna hiyo hazimgusi mama mmoja jirani yangu, mtu mzima, anayelala sebuleni kwa bintiye pamoja na wajukuu. Nyumba alikuwa nayo. Aliijenga yeye na marehemu mumewe, chumba baada ya chumba. Alichokosa ni ardhi.

Huku kwetu nyumba huweza kuwa yako na kiwanja kikawa cha mtu mwingine. Unamlipa kodi ya ardhi, unazaa na kuozesha hapo hapo, lakini siku akiuza, mnunuzi anataka kiwanja kitupu. Mambo haya ni ya kale. Sheria ya mwaka 1908 ilimtaka kila mwenye dai la ardhi Pwani alisajili. Waliokuwa na habari na uwezo wakasajili, na ardhi iliyobaki ikawa ya serikali ya kikoloni. Vitukuu vya wale waliokosa kusajiliwa wengi wao leo wanaitwa maskwota, yaani watu wanaokaa kwenye ardhi isiyo yao, na neno hilo linaniuma kila nikilisikia.

Tangu 2016 sheria inataka notisi ya maandishi ya miezi mitatu kabla ya kumhamisha mtu. Mama huyu aliletewa karatasi ya Kiingereza, akadhani kodi imepanda. Tingatinga lilipofika, watu waliwahi kung'oa mabati na milango tu. Mwanawe wa mwisho, kibarua wa mjengo, hakupata pa kujinyoosha kwa dadake. Akawa analala kazini, mjengo ulipokwisha akahamia Marikiti, sokoni mjini. Sasa askari wa kaunti wanamfukuza, na watu waliokula pilau ya harusi ya dadake wanamwita chokoraa.

Basi tusianze na lawama za kunusa gundi na uvivu. Tumuulize mtu alikuwa akilala wapi kabla.

Na jambo hili linatatulika. Shamba la Waitiki kule Likoni, ekari 930, serikali ililinunua na wakaaji wakaanza kupewa hati mwaka 2016, ingawa wengi walikuwa wakiishi pale tangu 1997. Ninachotaka ni kitu kidogo zaidi: kabla ardhi yenye nyumba za watu haijauzwa, nyumba hizo ziandikwe, wenyewe wapewe nafasi ya kwanza ya kununua, hata kwa mafungu, na notisi isomwe kwa Kiswahili kwenye baraza la chifu.

Msomaji, Kisauni